Haki ya Mwenye Kusahau

Mwezi wa Novemba 1901 mwanamke mmoja wa umri wa miaka 51, jina lake Auguste Deter, aliingizwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, Ujerumani. Daktari Alois Alzheimer alimwuliza jina la mumewe. Naye akajibu, "Auguste," yaani jina lake mwenyewe. Alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake, akaona umesinyaa, tena una mabonge katikati ya chembe zake na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe zenyewe. Hata leo ugonjwa huo huitwa kwa jina la daktari yule.

Kwa kawaida maradhi haya huanzia mahali pale pa ubongo panapohifadhi mambo mapya. Kwa hiyo mgonjwa hukumbuka shamba la baba yake, wala hakumbuki kama amekula asubuhi. Huuliza neno moja mara kumi, na hupotea karibu na mlango wake. Mahali pengi, na katika Kongo pia, wazee wa namna hii husingiziwa uchawi. Huo ni udhalimu mtupu, wala hauhitaji maneno mengi.

Lakini liko swali gumu zaidi, nalo huwapata hata watu wema. Mama mzee amwuliza bintiye kila jioni, "Baba yako yu wapi?" na baba amekwisha kufa zamani. Binti akisema kweli, mama hulia kana kwamba msiba ni wa leo. Na kesho ni vivyo hivyo. Je, amdanganye? Wengine husema: si neno, maana atasahau yote. Jibu hilo si la haki. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa sinema za huzuni na za furaha. Sinema zilisahaulika upesi, lakini huzuni na furaha zilikawia mioyoni. Basi anayemtendea mgonjwa kwa ukali asijitetee kwa usahaulifu wake.

Tena kusema uongo ni jambo moja, na kunyamaza ni jambo lingine. Binti halazimiki kutangaza msiba kila jioni. Mara nyingi mama aulizaye hivyo hutafuta mwenzi kuliko habari. Binti aweza kuketi karibu naye, amshike mkono, amwambie, "Mama, nisimulie jinsi mlivyooana." Hapo hapana uongo. Lakini mama akikaza kuuliza, "Je, amekufa?" na ajibiwe kweli kwa upole, naye akilia, binti asiondoke.