Hofu ya Mtu Aliyesaidia

Lipo swali ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini. Mtu akiisha kumsaidia mgeni aliyeumia njiani, kisha usiku asipate usingizi kwa kuogopa ugonjwa au polisi, je! upendo wake ulikuwa haba? Wako wasemao ndiyo. Husema kwamba apendaye kweli haogopi, na ya kuwa ahesabuye hatari amekwisha kuanza kuhesabu faida yake. Mimi nalikataa neno hilo, tena nadhani limewadhuru watu wengi wema.

Tulitazame jambo lenyewe. Mtu atoka sokoni jioni. Mbele yake bodaboda imegongana na lori, na kijana amelala kando ya lami, paja limepasuka, damu yamtoka kwa wingi. Hamjui, wala hajui kwao. Avua shati lake, alikunja, alikandamiza juu ya jeraha kwa mikono mitupu mpaka gari lipatikane. Kijana apelekwa hospitali. Yule mtu arudi nyumbani, anawa, ndipo aona ya kuwa kidole chake kina jeraha bichi la kisu alilolipata asubuhi. Tangu saa ile hana raha. Kesho yake askari aja kuuliza ni nani aliyekuwapo. Sasa anazo hofu mbili, wala hawezi kumwambia hata mkewe.

Hofu hizi ni za kale. Katika ile habari ya njia ishukayo kutoka Yerusalemu mpaka Yeriko, hatuambiwi kwa nini kuhani na Mlawi walipita kando. Lakini torati, katika kitabu cha Hesabu sura ya 19, humhesabu amgusaye maiti kuwa najisi siku 7, na mtu yule alikuwa karibu kufa; amwonaye kwa mbali asingeweza kujua kama yu hai. Yamkini waliogopa kugusa. Na Msamaria je? Aliingia nyumba ya wageni akiwa na mtu aliyepigwa juu ya mnyama wake, naye mwenyewe ni wa taifa lililochukiwa. Ingekuwa rahisi sana kumwambia, Wewe ndiwe uliyempiga! Watu husifu mafuta na divai. Mimi nastaajabia zaidi kwamba hakumtua mlangoni akakimbia, bali alilala pale, akalipa, akaahidi kurudi.

Mashaka ya namna hiyo yalimpata kijana mmoja katika mji wa Nanjing, nchi ya China. Mwaka 2006 mwanamke mzee alianguka penye kituo cha basi, naye kijana akamwinua, akafuatana naye hospitali. Yule mama akamshtaki kwamba ndiye aliyemwangusha. Mwaka 2007 hakimu alimwamuru kijana alipe kama sehemu 4 katika 10 za gharama, akisema ya kuwa mtu asiye na hatia, kwa desturi ya watu, asingejisumbua hivyo. Baadaye, mwaka 2012, ilitangazwa kwamba kijana mwenyewe alikiri kuwa waligongana kweli. Basi huenda hukumu ilikuwa ya haki, lakini sababu yake ilikuwa sumu, maana iliwafundisha watu ya kuwa huruma ni ushahidi wa hatia. Mwaka 2011 katika mji wa Foshan mtoto wa miaka 2 aligongwa na magari mawili, na watu 18 wakampita, hata mwanamke maskini mwokota taka alipomwinua. Mtoto alikufa. Tangu 2017 sheria ya China yasema kwamba ajitoleaye kuokoa mtu katika hatari hatatozwa madhara yatokanayo na msaada wake.

Nchi nyingine zina sheria za kumkinga msaidizi, na nyingi huitwa kwa jina la Msamaria huyo huyo. Jimbo la California lilianza mwaka 1959. Huko India Mahakama Kuu kabisa ilithibitisha mwaka 2016 kwamba amletaye majeruhi hospitali asilazimishwe kutaja jina lake, na mwaka 2019 jambo hilo likatiwa katika sheria ya magari. Ufaransa na Ujerumani zimekwenda mbali zaidi: awezaye kusaidia pasipo hatari kwake, naye asisaidie, aweza kufungwa.

Kwetu Tanzania jina liogopwalo ni PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa, pamoja na maswali yaifuatayo. Kenya imeandika katika Katiba yake ya 2010, ibara ya 43, kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Hata hivyo karatasi haiondoi woga wa mtu aketiye peke yake mbele ya meza ya askari. Afadhali aeleze alichokiona na alichokifanya, asiongeze neno la kubahatisha. Na kama aweza, aandike usiku ule ule saa, mahali na majina ya waliokuwapo, kabla kumbukumbu haijachanganyika na maneno ya watu.

Habari ya ugonjwa inataka maarifa, na maarifa yapo. Ngozi nzima isiyo na jeraha haipitishi virusi vya UKIMWI. Hata katika wauguzi waliochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi hivyo, walioambukizwa walikuwa kama 3 katika 1000. Homa ya ini aina ya B ni kali zaidi: kwa asiyechanjwa, sindano kama hiyo yaweza kuambukiza watu 6 mpaka 30 katika 100, na virusi vyake huweza kudumu nje ya mwili siku 7. Lakini chanjo yake ipo. Basi aliyeguswa na damu penye jeraha aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, asilikamue, aende hospitali upesi. Dawa za kinga ziitwazo PEP hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, tena mapema iwezekanavyo, na kunywewa siku 28.

Hapo ndipo neno lile la kwamba upendo hauogopi linapoua. Mtu aona haya kwenda kupimwa, kama kwamba anajuta wema wake au anamsingizia majeruhi ugonjwa. Siku ya tatu yapita, mlango umefungwa. Je! mkewe na watoto si jirani zake pia? Tena asiende akitangaza sokoni kwamba damu ya kijana yule ni mbaya. Daktari ataamua pasipo mtaa mzima kujua.

Na asiye na glavu je, aweza kupita? Nasema hawezi, lakini si lazima atumbukize mikono katika damu. Aweza kusimamisha magari yasimkanyage mtu, kupiga simu 112, kumpa majeruhi mwenye fahamu kitambaa ajikandamize mwenyewe, au kufunika mikono yake kwa nailoni safi.

Lakini sharika zetu husahau mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alipata mtu wa kupokea mzigo. Glavu jozi chache katika mfuko wa kila mwalimu apandaye pikipiki si gharama kubwa. Mzee mmoja wa kanisa afuatane na msaidizi kituoni, akae naye mpaka maelezo yaishe. Na mwingine apite nyumbani kwake katika siku zile 28, maana vidonge huweza kuleta kichefuchefu, na wako waviachao katikati.