Tunapatana Bei na Nani?



Mwaka jana nilikwenda Dar es Salaam kumwona binti yangu, naye akanipeleka Mlimani City. Ni jumba la maduka mengi chini ya paa moja, lililofunguliwa mwaka 2006 katika ardhi ya Chuo Kikuu, kando ya Barabara ya Sam Nujoma. Mle ndani hakuna jua wala vumbi, na hewa yake ni ya baridi kama alfajiri ya Hombolo mwezi wa Julai. Nilimwuliza kijana muuzaji habari za nyumbani kwao. Akashtuka, akadhani nina malalamiko.

Nikachagua shati. Bei iliandikwa kwenye kikaratasi: shilingi 45,000. Nilipofungua kinywa, binti yangu akaninong'oneza, "Baba, hapa hawapunguzi." Nikalipa, tena nikasema asante.

Nilipokwisha kurudi nyumbani, mama mmoja gulioni alinitajia fungu la nyanya shilingi 1,000. Nikasema ni ghali. Nikazibonyeza, nikasema nyingine zimelainika, wala hazikulainika, hata akaniachia kwa 700. Nikaenda zangu nikijisifu. Mithali sura ya 20 inamjua mnunuzi wa namna hiyo. Nilikuwa nimefika mlangoni kwangu ndipo nilipolikumbuka lile shati.

Sisemi kupatana bei ni dhambi. Gulioni watu husalimiana, huulizana habari za wagonjwa, na muuzaji aweza kumpunguzia mjane bila kumwaibisha. Lakini bei moja nayo ina haki yake, kwa maana hata mtoto aliyetumwa hapunjwi. Huko Japani, Mitsui Takatoshi alifungua duka la nguo mwaka 1673 katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, akapata sifa kwa kuuza kwa bei moja kwa watu wote. Katika karne hiyo hiyo Wakristo wa Uingereza waitwao Quaker walikataa kupatana bei, wakisema ni uongo kutaja bei usiyoikusudia. Nilipozibonyeza nyanya zile nilikuwa nikisema uongo wa namna hiyo, kwa ajili ya shilingi 300.

Kuna na jambo jingine. Siku ile ile mjini niliona dukani chupa ya divai ya zabibu za Dodoma, nayo ina kibandiko cha bei, na hapakuwa na mtu wa kuibishia. Sisi tunaolima zabibu hapa twajua mambo ya wakati wa mavuno. Zabibu ikiiva haingoji. Mnunuzi hutaja bei yake, na mkulima, akiogopa mzigo kumwozea, huitikia. Basi mwenye nguvu hutaja bei anapouza, na hutaja tena anaponunua. Twalalamika sana juu ya jambo hili, hata baada ya ibada chini ya mwembe, nami nimo. Kisha twakwenda gulioni kumtendea mama wa nyanya lile lile tulilotendewa sisi.

Wiki iliyofuata nilimpelekea yule mama shilingi 300 zake. Akakataa kuzipokea. "Mwalimu," akasema, "si tulikwisha patana?" Wateja wengine wakageuka kutazama, nami nikabaki nimezishika mkononi. Mwishowe nikanunua mafungu mawili kwa bei aliyoitaja, wala sikuzibonyeza.