Karo ya Ugenini na Deni la Shukrani

Familia ya Butembo au Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inapouza kiwanja, au mavuno ya kahawa na kakao, ili kijana avuke mpaka wa Kasindi kwenda kusoma Kampala, au aoneshe ubalozi wa Ulaya hati ya benki inayothibitisha kwamba masomo yake yatagharimiwa, huzaliwa swali la kimaadili: je, fedha hiyo ni mkopo au ni zawadi? Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alitofautisha deni la kisheria, yaani lile linaloweza kudaiwa mahakamani, na deni la kimaadili, ambalo hulipwa kwa hiari kupitia shukrani. Karo ya wazazi ni deni la aina ya pili, kwani mtoaji akilidai kwa nguvu hugeuza wema kuwa biashara, na mpokeaji akisahau hutenda kosa la utovu wa shukrani. Hata hivyo, kiwanja kilichouzwa kilikuwa pia tegemeo la ndugu waliobaki, hivyo haki inataka washirikishwe kabla ya kuuza. Tena, katika eneo la Beni, ambako mauaji ya raia yameendelea tangu 2014, kurudi nyumbani baada ya masomo hakuwezi kuwa njia pekee ya kulipa deni hilo: anayemsomesha mdogo wake katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, amelipa kwa haki, maana shukrani ya kweli humfikia pia yule ambaye hakupewa nafasi.