Bei ya Mnada Humfaa Anayeweza Kungoja

Wanangu wa Majengo, tangu habari za kakao ya Kyela zifike hapa mtaani nawasikia mkipiga hesabu. Mwaka 2024 kilo moja ilivuka shilingi 20,000 mnadani, na wapo kati yenu wanaotaka kuacha ufuta na mahindi wakatafute miche. Mmeniomba neno, basi kaeni niwaambie.

Kakao hupenda unyevu. Kyela wako kando ya Ziwa Nyasa na mvua haiwakimbii kwa muda mrefu. Sisi Mpanda, kuanzia Mei hadi Oktoba ni jua na vumbi. Tena mche hukaa miaka mitatu hadi mitano kabla haujazaa, na bei haikusubiri. Machi 2024 tani moja ilipita dola 10,000 katika soko la dunia kwa kuwa Ghana na Ivory Coast zilivuna kidogo. Kufikia mwisho wa 2025 bei ilikuwa imeporomoka hadi karibu nusu ya kilele chake.

Msiitamani kakao ya Kyela, jifunzeni namna inavyouzwa, maana ufuta wetu nao umeingizwa katika mfumo huohuo: chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), stakabadhi ghalani, mnada.

Sisi wazee tumeuza kwa kila namna. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, mazao yakanunuliwa na mamlaka za serikali kwa bei iliyopangwa, na malipo tukayafuata mpaka viatu vikaisha. Miaka ya tisini soko likafunguliwa. Wakaja wanunuzi na fedha mkononi, mizani yao wenyewe na lumbesa juu yake. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2005 ililetwa kuziba mwanya huo, na korosho za Kusini zikatangulia msimu wa 2007/08.

Mnada una faida ya kweli. Mzigo wa wengi hukusanywa ghalani, wanunuzi hushindana, bei husomwa hadharani, na wakulima wana nafasi ya kuikataa. Ghana, bodi ya serikali ndiyo hutangaza bei. Dunia ilipopandisha mwaka 2024, mkulima wa kule alipata sehemu ndogo tu ya neema ile, wakati mkulima wa Kyela alipanda nayo. Lakini mkijua kupanda na soko, jueni na kushuka nalo. Hapa hakuna bodi ya kuwakinga.

Sasa sikieni penye uzito. Mnada hukupa bei nzuri, lakini fedha haikupi leo. Unapeleka gunia, unapewa karatasi, unangoja siku ya mnada, kisha unangoja benki. Kama mtoto anadaiwa ada na duka linakudai unga, utamuuzia mtu anayepita usiku na pikipiki kwa bei anayoitaka yeye. Kusini biashara hiyo huitwa kangomba. Mwenye njaa hana miiko, na mlanguzi anakula kwa njaa ya mwenzake, haijalishi sheria inasema nini. Kwa hiyo mageuzi ya soko huanzia nyumbani kwako, kwenye akiba ya kukuvusha wiki hizo za kungoja.

Fanyeni hivi. Msiuze mahindi yote Juni, acheni ya kula hadi ufuta ulipwe. Fugeni hata kuku, awe fedha ya dharura. Ufuta uanikeni kwenye turubai, upepeteni, usiwe na mchanga, kwani mzigo mchafu hushusha bei ya ghala zima. Kyela pia, anayeuza kakao mbichi badala ya kuivundika na kuikausha humwachia mnunuzi faida ya kazi hiyo.

Gunia likiwa kwenye mzani, simama usome namba mwenyewe, kisha hakikisha ndiyo iliyoandikwa kwenye stakabadhi. Siku ya malipo uliza kila kato: la chama, la ghala, la usafirishaji, nani aliliidhinisha na kikao gani. Katibu mwaminifu hatakasirika.

La mwisho ni mkutano mkuu wa AMCOS. Huko ndiko viongozi huchaguliwa na makato hupitishwa, nanyi vijana hamuonekani. Mnakuja kulalamika kijiweni baada ya mambo kwisha. Msimu huu nendeni, mkae viti vya mbele, na mwombe kusomewa mapato na matumizi kabla ya kunyoosha mkono.