Mbwa wa Langoni na Haki Yake Juu Yetu



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, katika maswali yanayoletwa kwenye darsa baada ya Isha, swali la mbwa halikosekani. Wengi wetu tumepanga nje ya chuo, na hapa Uganda nyumba za kupanga zenye ukuta na lango mara nyingi huwa na mbwa. Swali lenyewe huwa lile lile: amenigusa kanzu, nioshe mara ngapi? Ni swali zuri, na jibu lake nitalitaja. Lakini sijasikia mtu akiuliza upande wa pili, kwamba yule mbwa naye ana haki gani kwangu. Wengine wamekwisha kuamua kuwa hana haki yoyote kwa sababu ni najisi, na wanasema hivyo kwa jina la dini. Basi tuiulize dini.

Tuanze na kitabu kidogo ambacho wengi wetu tulikisoma madrasa kabla hatujaota ndevu: Safinatun Najaa. Nenda mlango wa tayammum. Sababu zinazoruhusu kutayammam ni tatu: kukosa maji, ugonjwa, na kuyahitaji maji kwa ajili ya kiu ya kiumbe chenye heshima. Kisha mwandishi anawataja sita wasio na heshima hiyo, na mmoja wao ni al-kalbul-aqur, yaani mbwa mkali mwenye kung'ata. Tulikariri sita hao mbele ya ustadhi, wengine kwa hofu ya fimbo, tukapita. Rudi leo usome polepole. Mwandishi hakusema mbwa akanyamaza. Alisema mbwa mkali mwenye kudhuru.

Maana yake ni nzito. Madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo makali kuhusu mate ya mbwa, ndiyo hayo hayo yanayokwambia kwamba ukiwa safarini na maji ya udhu tu, na mbwa wako wa ulinzi au wa mifugo yuko taabani kwa kiu, maji ni ya mbwa. Wewe utapiga udongo utayammam, na swala yako ni sahihi. Najisi ni hukumu inayohusu chombo changu, nguo yangu na mwili wangu ninapotaka kuswali. Haiondoi kiu ya mnyama wala haiondoi jukumu la aliye naye. Tumechanganya mambo mawili, na anayelipia mchanganyiko huo ni yule aliyefungwa pale langoni.

Sasa jibu la kanzu, tulimalize. Kwa Shafii, mbwa ni najisi mwili wake wote, lakini kikavu kikigusa kikavu najisi haihami. Akikugusa na manyoya makavu nawe u mkavu, huna cha kuosha. Kukiwa na maji au mate, utaosha mara saba, moja kwa udongo, kama ilivyo katika Hadithi ya chombo kilichorambwa na mbwa. Kwa Imam Abu Hanifa mate yake ni najisi lakini manyoya si najisi, na kwa Imam Malik mbwa ni tohara na kuosha chombo ni ibada tu. Kwa hiyo ndugu yetu Mmaliki kutoka Sudan asipohangaika kama wewe, usimtazame kwa jicho baya.

Kuhusu kufuga, Hadithi ni bayana. Amesimulia Abu Hurayra (r.a.) kwamba anayefuga mbwa asiye wa mifugo, wa kuwinda wala wa shamba, hupungukiwa kila siku kirati moja ya thawabu zake, katika riwaya ya Ibn Umar (r.a.) ni kirati mbili. Imam Nawawi ameeleza kuwa kauli sahihi zaidi katika madhehebu inaruhusu pia mbwa wa kulinda nyumba, kwa kuwa sababu ni ile ile: haja. Kauli sahihi zaidi inaruhusu vilevile kulea mtoto wa mbwa ili afundishwe kazi hizo. Mahali pake ni nje, kwani Malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa. Hata mbwa wa watu wa pangoni, katika Suratul Kahf, Qur'ani imemweleza akiwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Alikuwa mlangoni, na bado Allah akamtaja pamoja nao katika kila hesabu iliyotolewa ya idadi yao.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka kulisema hasa. Kuna desturi katika hosteli na majumba mengi, na Waislamu wamo: mbwa wa ulinzi hufungwa mnyororo tangu asubuhi mpaka usiku, juani, kopo la maji likiwa tupu, chakula kidogo cha kumzuia asife. Ukiuliza unaambiwa akishiba hulala, na akizoea watu hatalinda. Wengine humchokoza kwa fimbo ili awe mkali. Hebu lipime hilo kwa Safina. Yule alizaliwa mwenye heshima, maji yake yakitangulizwa mbele ya udhu wako. Kwa njaa, mnyororo na fimbo unamgeuza kuwa mmoja wa wale sita wasio na heshima. Yeye hakuchagua kuwa mkali, ni wewe uliyemfanya hivyo, kisha siku akimng'ata mtoto wa jirani unasema auawe, Mtume (s.a.w.) ameamrisha! Amri ya jumla ya kuua mbwa ilikuwa kisha ikaondolewa, na aliyebaki katika hukumu hiyo ni mkali mwenye kudhuru. Tena mafaqihi wameandika kwamba mwenye mbwa anayejulikana kung'ata, akimwachia, hubeba dhamana ya alichoharibu.

Mnakumbuka Hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka. Kosa lake lilikuwa kumfungia: hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Mnyororo bila chakula ni jambo hilo hilo, mnyama mwingine tu. Na mnakumbuka yule mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika khofu yake, akaishika kwa meno akapanda, akamnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu. Allah akamshukuru, akamsamehe. Masahaba wakauliza kama tuna ujira kwa wanyama, wakajibiwa kuwa katika kila kiumbe chenye ini bichi kuna ujira. Khofu aliyoishusha mle ilikuwa vazi lake, na aliishika kwa mdomo wake mwenyewe. Sisi tunaona tabu kuinua kopo kwa mkono.

Na mafunzo je? Watu hudhani kumfundisha mbwa ni anasa ya wenye fedha. Fungua Suratul Maida, aya ya 4. Allah (s.w.t.) amehalalisha mawindo ya wanyama mliowafundisha, na akasema mnawafundisha katika yale aliyokufundisheni Yeye. Elimu ya kumfunza mbwa imenasibishwa na mafunzo ya Allah! Ibnul Qayyim alitaja hili katika fadhila za elimu: mbwa aliyefundishwa, windo lake ni halali, mjinga, windo lake ni mzoga. Adiyy bin Hatim (r.a.), ambaye watu wake waliwinda kwa mbwa, alimuuliza Mtume (s.a.w.) kwa undani kabisa, mpaka hali ya kukuta mbwa mwingine pamoja na wake. Akajibiwa kwamba mbwa akila katika windo basi asile, kwani huyo amejiwindia mwenyewe.

Kutoka hapo mafaqihi wakaweka masharti, utayakuta katika matini ya Abu Shujaa: akitumwa aende, akikatazwa asimame, akiua windo asile, na hayo yajirudie kwake. Mwulize mtu yeyote anayefunza mbwa leo, atakutajia hayo hayo kwa maneno yake: nenda, simama, acha, na kurudia mpaka iwe tabia.

Jinsi ya kuyafikia, Sunna nayo imetuonyesha njia. Bibi Aisha (r.a.) alipanda ngamia mgumu, akawa anamrudisha huku na huko kwa nguvu, Mtume (s.a.w.) akamwamrisha upole. Na amekataza kumpiga mnyama usoni. Basi ukiwa na mbwa, au ukiwa na la kumwambia askari wa lango lenu, anza hivi. Neno moja kwa jambo moja, siku zote. Leo usiseme "kaa" na kesho "tulia" kisha ukakasirika haelewi. Akitii, mpe kipande cha dagaa papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili, kwa maana ukichelewa hajui amelipwa kwa lipi. Adhabu ndiyo usiseme. Mbwa aliyetafuna kiatu asubuhi ukampiga jioni anajifunza jambo moja tu, kwamba wewe ukirudi nyumbani kuna kipigo. Dakika tano au kumi zatosha kwa mara moja. Mtoto wa mbwa aanze kuzoeshwa watu, sauti na pikipiki mapema, tangu wiki ya tatu hadi kama ya kumi na mbili, kwani ndicho kipindi ambacho moyo wake uko wazi. Asiyezoeshwa kitu huja kukiogopa, na mbwa wengi wanaong'ata wanang'ata kwa woga.

Akinguruma usimpige kwa kunguruma. Hilo ni onyo, na ukilinyamazisha kwa fimbo atakuja kung'ata bila onyo. Mkia ukitikisika nao si furaha kila mara: tazama mwili. Ukiwa umekakamaa, masikio nyuma, weupe wa macho ukionekana, mpe nafasi.

Na hofu ya kwamba akizoea watu hatalinda haina msingi. Mbwa aliyeshiba, anayefunguliwa akatembea, anamjua mwenyeji na mgeni, na atabweka kwa mgeni. Aliyefungwa kutwa hubweka kwa kila kitu mpaka hakuna anayetoka kutazama. Mabaki ya posho na dagaa yanamfaa, lakini mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali vya kumchoma tumboni, na pilau la walima lililojaa vitunguu humdhuru damu. Maji safi yawe karibu naye muda wote.

Ndugu wanaotoka kwa miguu alfajiri kwenda msikitini, wakaka na dada, nanyi msikilize. Mbwa akikujia usikimbie na usiinue jiwe. Kukimbia na kanzu au abaya inayopepea ndiko kunakomwita akufuate. Simama, mikono ikae ubavuni, usimkodolee macho, kisha ondoka polepole bila kumpa mgongo. Mawe ya jana ndiyo yanayomfanya leo amchukie kila mwenye kanzu.

Limebaki lenye uhai na mauti. Kichaa cha mbwa kipo katika nchi zetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Karibu asilimia 40 ya wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili kuna kinga. Uking'atwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo upate chanjo, na umalize sindano zote. Usipake pilipili wala mafuta, wala usingoje uone kama mbwa atakufa. Ruqya isomwe njiani kuelekea hospitali, si badala yake. Kuosha mara saba kwa udongo ni kwa ajili ya tohara, na udongo usiingizwe kwenye kidonda. Tibu kwanza, la tohara ya pale muulize ustadhi baadaye.

Mbwa naye achanjwe, kuanzia miezi mitatu, na kurudiwa kama daktari wa mifugo atakavyosema. Izzuddin bin Abdis Salaam, alipoorodhesha haki za wanyama juu ya mwanadamu, alitaja kumgharamia mnyama hata akizeeka au kuugua kiasi kwamba hafai tena kwa kazi. Hivyo mwenye nyumba asiseme gharama ni kubwa ilhali analindwa usiku kucha. Wapangaji wa hosteli moja mkichanga, mwenye nyumba akiwa amekataa, ni sadaka, na mwenye nyumba asipokuwa Mwislamu ni sadaka vilevile.

Swali la mwisho limeulizwa na mwanafunzi wa biashara, naona ana mpango: je, aweza kuuza watoto wa mbwa? Hadithi sahihi imekataza thamani ya mbwa, na kwa Shafii uuzaji huo haufai hata akiwa amefundishwa. Mahanafi wamejuzisha kwa mbwa mwenye manufaa. Mwenye mbwa anaweza kumtoa bure kwa anayemhitaji kwa ulinzi au mifugo, na amchunguze kwanza huyo anayempa, ana kopo la maji au ana mnyororo tu. Wallahu aalam.