Mchezo Usio na Mwamuzi

Msomaji aliyeko Mgololo, kati ya misonobari ya Mufindi na kiwanda cha karatasi, aweza kushangaa akituona tunaandika habari za vyama vya mashua za tanga. Bahari iko mbali naye, na hata kulifikia Ziwa Nyasa ni safari ya kutwa. Lakini swali tunalotaka kulipima halihitaji maji mengi. Nalo ni hili: mtu mzima, mwenye mke na watoto na kazi ya kuajiriwa, apata faida gani akitoa ada, na siku yake ya mapumziko, ili ashindane na upepo pamoja na watu wasio ndugu zake, katika jambo lisilompa hata senti moja?

Wengi watajibu kwamba hiyo ni anasa tu. Jibu lao si la kudharauliwa, maana ada ya chama ikitolewa katika karo ya mtoto, raha hiyo imekwisha kuwa wizi. Walakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba roho nayo huchoka kama mwili, na mchezo wa kiasi ndio pumziko lake; tena kwamba mtu asiyejua kabisa kucheza, na kuwakunjia uso wanaocheza, naye ana kosa. Basi mchezo wenyewe si lawama. Lililobaki ni kuuliza: mchezo upi, na pamoja na nani?

Hapa ndipo tanga linapotufundisha. Katika mashindano ya kawaida ya vyama hivi, yawe Dar es Salaam, Mombasa au Ulaya, hakuna mwamuzi mwenye filimbi anayewafuata wachezaji. Sheria yasema, kwa mfano, kwamba chombo kinachopata upepo ubavu wa kushoto kikipishe kile kinachoupata ubavu wa kulia. Nahodha asiyepisha hutazamiwa ajihukumu mwenyewe: hukitoa chombo chake kando, akakizungusha mara mbili, huku wenzake wakimpita. Na kifungu cha kwanza cha sheria hizo hakihusu ushindi hata kidogo. Chaamuru kila chombo kumsaidia, kwa kadiri kiwezavyo, yeyote aliye hatarini. Na aliyepoteza nafasi yake kwa kuokoa aweza kuomba arudishiwe haki.

Twasadiki kwamba raha ya chama imo humo. Upepo ni mtamu, lakini mtu aweza kuupata peke yake ufukoni. Asichoweza kukipata peke yake ni kuishi saa chache kati ya watu wasiohitaji kuchungwa. Aliyezunguka mara mbili kwa kosa ambalo hakuna aliyeliona amepoteza ushindi, naye arudi nyumbani na furaha ambayo mshindi mdanganyifu haionji.

Watu wa pwani yetu hawakungoja wageni wawafundishe hayo. Katika mashindano ya majahazi na mashua huko Lamu, mabaharia hutoka nje ya chombo na kukaa juu ya ubao uliochomoza upande wa upepo, ili uzito wao ukizuie kisipinduke. Aliye pale ametia usalama wake mikononi mwa aliyeshika usukani. Wahenga walinena kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Ni kweli, wakiamuru wote kwa wakati mmoja. Lakini katika chama kizuri nahodha wa leo huwa baharia kesho, na aliyezoea kutii hujifunza kuamuru bila matusi. Hata Aristotle aliona kwamba waliosafiri katika chombo kimoja huitana marafiki.

Hata hivyo chama chaweza kuharibika. Enzi za wakoloni, vilabu vingi vya namna hii katika nchi zetu vilikuwa vya Wazungu peke yao. Watu walioaminiana kabisa majini walimfungia mlango mwenyeji wa ufuko uleule. Uaminifu unaokomea mlangoni pa klabu si fadhila. Ni mapatano ya wachache tu.

Mgololo haina tanga, lakini ni mji uliokusanywa na kazi, na wageni wa huko hawana budi kutafutana. Ipo timu ya mpira, ipo kwaya, kipo kikundi cha kuweka na kukopa. Baba anayetaka kujiunga na chama, au kumruhusu mwanawe ajiunge, akiisha kuuliza ada, na aulize mambo matatu zaidi. Je, mchezaji aliyegusa mpira kwa mkono husema mwenyewe, au mweka hazina aliyekosea hesabu huitaja kabla daftari halijakaguliwa? Je, mwenzao akiugua, shughuli husimama ili asaidiwe? Na je, mgeni aliyefika jana aweza kupewa kamba aishike? Akijibiwa ndiyo kwa yote matatu, ada hiyo na ailipe bila kunung'unika, na Jumamosi jioni mkewe asimwone mtoro.