JE, HALALI NI RUHUSA YA KUMALIZA?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Liko swali ambalo mtega kasuku wa huku kwetu Kailo aweza kutuuliza tunapomkataza: "Mwenyezi Mungu ametuumbia vyote vilivyomo duniani. Ndege wa porini hana mwenyewe. Ikiwa sikuiba, dhambi yangu iko wapi?" Swali hili si la kijinga. Linastahili jibu.

Ni kweli, sheria yetu imeruhusu kuwinda. Wanavyuoni wengi wameruhusu pia kufuga ndege, mradi alishwe, anyweshwe na asiteswe. Lakini itazameni kazi yenyewe inavyofanyika. Kasuku aliyekwisha kushikwa hufungwa juu ya mti ili awaite wenzake kwa sauti yake. Vijiti hupakwa ulimbo. Wanaotua hunaswa, hukatwa manyoya ya mabawa, husongamanishwa kizimbani, na wengi hufa kabla ya kumfikia mnunuzi. Wengine hutolewa tunduni wangali makinda, na pengine mti wenyewe huangushwa.

Abu Daud amepokea habari ya Masahaba waliokuwa safarini na Mtume (s.a.w.). Walichukua makinda mawili ya ndege mdogo, na mama yao akaja akipigapiga mabawa. Mtume akauliza ni nani aliyemhuzunisha mama huyu kwa ajili ya watoto wake, akaamuru warudishwe. Angalieni vizuri: hakuuliza kama ndege yule ana mwenyewe. Aliuliza juu ya huzuni yake. Hilo ni jibu la kwanza.

Jibu la pili liko katika Suratul-An'am, aya ya 38, inayotufundisha kwamba ndege nao ni umma kama sisi. Ukichinja kuku mmoja, umma wa kuku unabaki. Kasuku hazai kama kuku. Hutaga mayai machache tu, na hutafuta tundu katika mti mkubwa uliokaa miaka mingi. Tangu miaka ya 1970, kasuku zaidi ya milioni moja wametolewa katika misitu ya Afrika na kuuzwa ng'ambo. Huko Ghana wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yaliyokutana Johannesburg yalimweka kasuku katika orodha ya viumbe wenye ulinzi mkubwa kabisa katika biashara ya kimataifa. Mwaka huohuo nchi yetu ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Lomami, ambayo sehemu yake imo katika jimbo letu la Maniema.

Tena ziko umma ndogo kuliko hiyo. Mashariki yetu, katika milima ya Itombwe huko Kivu ya Kusini, alipatikana bundi wa namna ya pekee mwaka 1951. Mwingine hakushikwa mpaka mwaka 1996, yaani miaka 45 baadaye. Bundi huyo hauzwi sokoni. Msitu wake ukikatwa kwa mashamba na machimbo, anaweza kwisha bila mtu yeyote kumkusudia.

Basi, ndugu yangu, tupambanue mambo mawili. Kutumia ni jambo moja. Kumaliza ni jambo jingine. Mgeni aliyekaribishwa kula maembe hakukaribishwa kuukata mwembe. Suratun-Nur, aya ya 41, inatukumbusha kwamba ndege wanamtukuza Mola wao. Nani katika sisi amepewa idhini ya kuunyamazisha umma mzima wenye kumtukuza?

Najua utasema: "Na minervali ya mtoto italipwa na nani?" Hapa sisi tuliokaa safu ya mbele tusijifiche. Anayeupanda mti na kuhatarisha shingo yake ndiye apataye kidogo. Faida kubwa iko kwa mwenye kununua na kusafirisha. Tukimkemea mtegaji na kumwamkia kwa heshima mfanya biashara, hatukufanya uadilifu. Na tukimkataza maskini bila kumtafutia njia nyingine, tumefanya nusu ya kazi. Zaka na sadaka zetu zina haki ya kumfikia. Mwenye shamba ampe kazi, mwenye duka amkopeshe mtaji bila riba.

Nawe unayetega, anza na haya: usiwaguse makinda, usiangushe mti wenye tundu, usipake ulimbo mahali wanapokusanyika. Nawe mwenye pirogi au pikipiki, ukiletewa kizimba ukipakie, kataa. Rizki iko kwa Mwenyezi Mungu, naye hakuifunga katika kizimba.

Ewe Mola, tujaalie tuwe walinzi wa amana yako, wala usitujaalie kuwa wa mwisho kuwasikia ndege hawa. Amin.

Wallahu a'lam.